Shairi la Kifo Nililokataa Kuliondoa Darasani

Mjukuu wa dada yangu, msichana mwerevu anayesoma fasihi chuo kikuu hapa Birmingham, alikuja kwangu Acocks Green Jumamosi moja akiwa na shairi la Kimarekani kwenye simu. Chini ya shairi palikuwa na uchambuzi ulioandikwa na mashine. Alinisogezea simu huku anakula maandazi yangu.

"Bibi, angalia. Kazi imeshaisha."

Nikavaa miwani nikasoma. Mashine ilisema maudhui makuu ya shairi hilo ni kifo, familia na mateso. Ikaeleza kila moja kwa aya yake, aya zote zikiwa na urefu mmoja, kama maboksi yaliyopangwa stoo. Sikuona kosa hata moja. Hapo ndipo nilipokasirika.

"Imekosea wapi?" akaniuliza, maana aliuona uso wangu.

"Haijakosea popote. Imesimama nje ya nyumba ikahesabu madirisha, basi. Ndani kuna watu wanalia na haijabisha hodi."

Alicheka, lakini aliiweka simu chini. Nami nikaanza kumsimulia haya ninayowasimulia sasa ninyi nyote mnaosoma mashairi, na ninyi mliopewa madarasa juzi mkaambiwa mfundishe wengine. Nimestaafu. Hakuna mkaguzi atakayeniketia nyuma ya darasa na kalamu yake. Nitasema ninavyotaka.

Naitwa Mghoi, mzaliwa wa Wundanyi kule Taita. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimefundisha watu wazima ushairi wa Kimarekani, katika chuo kimoja kusini mwa jiji hili. Watu huniuliza ilikuwaje Mtaita awafundishe Waingereza mashairi ya Wamarekani. Jibu ni jepesi: hakuna mwingine aliyeyataka. Walimu wenzangu walipenda washairi wao wa kwao, na waliwaona Wamarekani kama wageni wanaopiga kelele sebuleni. Mimi nilikuwa mgeni kazini. Nikakabidhiwa boksi la karatasi zilizotolewa nakala, pembe zimejikunja, nikaambiwa, hili ni lako.

Niliyapenda tangu juma la kwanza, na nitawaambia sababu. Kwetu wafu hawakuwa mbali. Bibi yangu alinionyesha nilipokuwa mdogo njia ya kwenda kwenye pango ambako mafuvu ya watu wetu wa zamani yalipangwa, na alizungumza juu yao kwa majina ya koo zao, kama mtu anayewataja majirani. Halafu nikaja nchi hii nikakuta mtu akifa husemwa amepita, kana kwamba amekwenda dukani kununua maziwa. Na sisi Wakenya wa hapa, nasi kanisani tukawa na maneno yetu ya kufunika jeneza hata kabla halijafungwa: Mungu amempenda zaidi, amepumzika, tusilie. Wale Wamarekani kwenye karatasi zangu hawakuwa na adabu hiyo. Mmoja alisema mama yake amekufa naye amemkasirikia. Mwingine aliiosha maiti ya baba yake na hakujua kama alimpenda. Niliposoma nilijiambia, hawa ndio watu wa kuzungumza nao.

Lakini kupenda si kujua kufundisha. Mkuu wa idara yetu alikuwa Maureen, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, mzaliwa wa Erdington kaskazini mwa jiji, anayetembea na kikombe cha chai kila aendako. Mara ya kwanza alipokuja kunisikiliza, nilikuwa nimechora ubaoni mti mkubwa. Kwenye shina niliandika KIFO, tawi moja HUZUNI, tawi jingine KUMBUKUMBU. Nilijivunia mti ule. Kipindi kilipoisha Maureen alikunywa chai yake mpaka mwisho, akaniuliza swali moja.

"Kwenye lile shairi, baada ya mazishi, nani ameosha vyombo?"

"Samahani?"

"Watu wamekuja, wamekula, wameondoka. Sahani nani ameziosha?"

Sikujua. Akaniambia nirudi nikasome. Nikarudi, na kweli, katikati ya ubeti mmoja palikuwa na dada wa marehemu, ametajwa kwa maneno machache tu, mikono ya nguo yake imelowa mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa nimempita kila mara nikikimbilia mstari wa mwisho ambao una neno milele. Kumbe shairi lote lilikuwa kwenye ile mikono iliyolowa. Tangu siku hiyo sijachora mti.

Basi chukueni hilo kutoka kwa Maureen. Shairi linapozungumzia kifo, acheni kifo kwanza, mtafuteni mtu anayefanya kazi. Nani anakunja shuka, nani anapokea simu, nani anakaa garini hataki kuingia ndani. Angalieni vitenzi kabla ya kuangalia sifa. Na likizungumzia familia, ulizeni nani hayupo mezani, kwa sababu mshairi hodari humwambia yule asiyekuwepo mengi kuliko waliopo. Someni kwa sauti. Mwingine asome tena, kwa sauti yake, maana neno moja hubadilika likitoka kinywani mwa mtu mwingine. Kisha nyamazeni kidogo. Walimu vijana huogopa kimya darasani wakakijaza maneno. Kiacheni. Kimya hufanya kazi nusu ya mwalimu bila kudai chochote.

Na mstari wa mwisho ukiwa mtamu sana, utilieni shaka.

Jambo jingine lililonipa taabu ni simu. Zilipoingia darasani, kila nikigawa shairi wanafunzi walikuwa wanatafuta mshairi alikufaje. Wakishapata, wanafunga vitabu. Alijiua, kwa hiyo shairi ni la kujiua. Alikuwa na kansa, kwa hiyo kila ua ni kansa. Nikawaambia shairi si cheti cha kifo. Anayezungumza ndani ya shairi, yule tunayemwita nafsineni, ni mtu aliyetengenezwa, na mshairi anaweza kumpa machozi ambayo mwenyewe hakuwahi kuyalia. Mheshimuni kwa hayo anayoyasema.

Nilikuwa na mwanafunzi aitwaye Trevor, fundi wa magari mstaafu, mtu wa hapa hapa. Trevor alisoma mahali fulani kwamba ushairi wa Kimarekani unahusu Marekani. Kuanzia hapo kila aliyekufa kwenye shairi alikuwa Marekani. Bibi amekufa, ni Marekani. Kaka amezama mtoni, Marekani. Nilivumilia. Siku moja tukasoma shairi la mtu anayemzika mbwa wake nyuma ya nyumba, ardhi imeganda, koleo halizami. Nikamgeukia.

"Trevor, na mbwa?"

Alifikiri sana. Alitazama karatasi, akatazama dirishani.

"Mbwa ni mbwa," akasema. "Na ardhi ni ngumu."

Darasa likampigia makofi. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyesoma vizuri kumzidi.

Nimeona mitindo mingi ya kufundisha ikija na kuondoka. Nimetumia chaki, nimetumia ile mashine ya kumulika karatasi za plastiki iliyonichoma vidole, nimetumia slaidi. Ukaja wakati tukatakiwa kuandika ubaoni, kila kipindi kinapoanza, lengo la somo na muda wa kulifikia. Nikaandika: kufikia saa kumi jioni mwanafunzi ataweza kuelewa mateso. Nilifanya mzaha. Mkaguzi akanisifu kwa kuandika lengo linaloeleweka.

Sasa niwaambie juu ya Bwana Kioko.

Ulikuwa mwanzo wa mwaka wa masomo, darasa la mchana, watu wengi wapya. Nikawa naita majina. Nikaita Josephine Kioko. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango, koti limefungwa zipu hadi shingoni, akainua mkono.

"Nipo."

Watu wakageuka. Nikadhani hakusikia vizuri, nikarudia jina. Akanitazama, akatambua nimetoka upande gani wa dunia, akanijibu kwa Kiswahili.

"Ni mke wangu, Mwalimu. Alijiandikisha mwenyewe kabla hajafariki. Nikaona kiti chake kisikae bure."

Sikusema pole. Nilimtazama tu nikamwona hakutaka pole, alitaka nitie alama. Nikatia alama nikaendelea na jina linalofuata. Kila juma baada ya hapo niliita Josephine Kioko, naye akaitika.

Baadaye alinieleza. Wanaishi Northfield, kusini mwa jiji. Yeye alikuwa akisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, mke wake alikuwa muuguzi, na kwa miaka mingi Josephine alisema akistaafu atasoma vitabu ambavyo hajapata nafasi ya kuvisoma. Alikaribia tu kustaafu, akafa. Walikuwa na binti mmoja, Mutheu, mfamasia, aliyerudi kuishi na baba yake baada ya msiba.

"Mimi mashairi siyajui," akasema. "Nitakaa tu nisikilize."

"Kukaa kunatosha kwa kuanzia," nikamwambia.

Alikaa hivyo majuma kadhaa, koti limefungwa, hasemi neno. Kisha tukafika kwenye shairi la meza. Sitataja jina lake wala la aliyeliandika, mkalitafute wenyewe. Ni baba na watoto wake wanakula chakula cha jioni, na mama amekufa siku si nyingi. Wanazungumza juu ya chumvi. Wanazungumza juu ya bomba linalovuja. Jina la mama halipo popote, wala neno kufa halipo. Mwishoni mtoto mdogo anauliza nani atamkatia nyama yake, na baba anainuka mezani.

Trevor alisoma, msichana mmoja akasoma tena. Tukakaa kimya. Mtu akasema maudhui ni huzuni. Hapo Kioko akainua mkono kwa mara ya kwanza.

"Huyu baba ni mwoga."

"Ana majonzi," msichana akajibu. "Hawezi kusema."

"Majonzi sawa. Lakini watoto wanamwangalia yeye, na yeye anawaambia habari za bomba." Aliweka kidole kwenye karatasi. "Huyu mtoto hakuuliza nyama. Anauliza, tutafanyaje sasa? Na baba amekimbia."

Kisha akalia. Alilia bila kujificha, mikono mezani, uso wazi. Nami nitawaambia nilichofanya, kwa sababu wengi watawaambia mfanye kinyume. Sikusimamisha somo. Sikumtoa nje. Trevor alimsogezea kikombe chake cha chai, nami nikauliza darasa: kwa nini mshairi amemfanya baba ainuke, badala ya kumfanya akate nyama? Tukafanya kazi hiyo, na Kioko akaifanya pamoja nasi huku machozi yanashuka. Ukimfukuza mtu darasani kwa sababu amelia, umemwambia kwamba machozi yake hayahusiani na kusoma. Yanahusiana. Alikuwa amesoma kuliko sisi wote.

Aliponiaga alisema, "Juma lijalo tutaliendeleza?"

"Tutaliendeleza."

Kabla juma halijaisha niliitwa kwa mratibu wa kozi. Maureen alikuwa ameshastaafu wakati huo. Mratibu alikuwa Claire, mwanamke mwema, na sina neno baya juu yake ila kwamba aliogopa malalamiko. Mezani kwake alikuwa ameketi Mutheu, bado na beji ya duka la dawa kifuani.

"Baba yangu anatoka kwenye darasa lako macho mekundu," Mutheu akasema kwa Kiingereza, kila neno limenyooka. "Anakaa jikoni anaanza kuniuliza habari za Mama. Tunakula, anaanza. Ninatoka kazini, anaanza. Tulikuwa tumeshatulia."

"Mlikuwa mmetulia au mmenyamaza?"

"Kwa heshima zote, Mwalimu, hukuwepo."

Hapo alinipata. "Kweli, sikuwepo," nikasema. "Niambie ilivyokuwa."

Akatazama mikono yake. Niliona basi kwamba hakuja kunitesa. Alikuwa amejenga ukuta ili aweze kwenda kazini kila asubuhi, na mimi kutoka upande wa pili nilikuwa nachomoa matofali.

Claire akasema polepole kwamba labda kwa muhula huu tungeweka kando mashairi ya vifo. Akapendekeza tusome ya mandhari na wanyama.

"Nitafutie la wanyama lisilo na maiti," nikamwambia. "Wale wakimwona bata ubeti wa kwanza, ubeti wa tatu bata amekufa."

Claire alicheka, kisha akakumbuka hapaswi kucheka.

"Mghoi, tuna wajibu wa kuwalinda wanafunzi."

"Mwanafunzi mwenyewe tumemwuliza? Ni mtu mzima, ameongoza nyumba yake, na hapa tunamjadili kama aliyelazwa na hana fahamu."

"Haitakuwa rahisi kumhusisha sasa hivi."

"Yuko chini mkahawani anakunywa chai. Naenda kumwita."

Nilitoka kabla hajajibu. Sikuwa na ruhusa na sikuiomba. Njiani kwenye ngazi nilijua ninachokichezea ni kazi yangu. Kwa maisha yangu yote walioniambia nitulie walikuwa na ofisi na mimi nilikuwa na darasa, na mara nyingi nilitulia. Siku hiyo sikutaka.

Kioko alipoingia na kumwona binti yake alisimama mlangoni.

"Mutheu. Umekuja kunichukua shule?"

Hakuna aliyecheka. Akaketi, akafungua zipu ya koti lake, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Claire akamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akamgeukia binti yake, akasema kwa Kiswahili, nami nikamtafsiria Claire.

"Nyumbani vitu vyake vimefungwa kwenye mifuko. Picha umeziweka juu ya kabati. Sikulaumu, najua ni kwa upendo. Lakini tangu azikwe hakuna mtu anayelitaja jina lake mbele yangu isipokuwa huyu Mwalimu. Kila juma anaita Josephine Kioko, na mimi naitika. Mkiniondolea hilo mtaniachia nini?"

Mutheu alichukua mkoba wake akaondoka. Tulisikia viatu vyake kwenye korido mpaka mlango wa nje ukafunga. Baba yake alitaka kumfuata, akashindwa, akabaki ameshika mgongo wa kiti. Claire alitazama dirishani. Kisha akasema, "Endeleeni na mashairi yenu."

Tuliendelea mpaka mwaka ukaisha. Orodha ya kozi za mwaka uliofuata ilipotoka, ushairi wa Kimarekani haukuwemo. Nilipewa nafasi ya kufundisha sarufi. Nikakataa nikastaafu, nikabeba lile boksi la karatasi mkononi, hakuna aliyeniuliza nalipeleka wapi. Nilipata ukumbi wa kanisa Erdington unaokaa bure mchana. Trevor akaja, Kioko akaja kwa treni kutoka upande wa pili wa jiji, na wengine wachache. Tungali tunakutana huko. Chai tunachemsha wenyewe na hakuna lengo la somo ubaoni.

Siku moja ya mvua Kioko aliumwa goti, ikabidi binti yake amlete kwa gari. Alimshusha akabaki garini. Niliona vioo vinaingia ukungu. Tulipokuwa katikati ya shairi mlango ukafunguka, akaingia, akaketi nyuma na koti lake lililolowa. Sikumkaribisha kwa maneno. Nilimpelekea karatasi tu.

Shairi lilikuwa la binti kando ya kitanda cha mama yake mgonjwa. Mama anavuta shuka, anasukuma kikombe, anataka kuvaa viatu. Mstari wa mwisho unasema amepata amani. Nikauliza, mnauamini mstari huo?

Sauti ikatoka nyuma.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kila kitenzi kabla ya hapo ni cha kupigana." Mutheu alikuwa ameinama juu ya karatasi. "Anavuta, anasukuma, anataka viatu. Mtu wa hivyo hajapata amani. Ameshindwa tu. Binti ndiye anayetaka amani, kwa hiyo anampa mama amani ambayo mama hakuiomba."

Kioko aligeuza kiti chake kizima amtazame. Mimi nimesoma vitabu vingi vya uhakiki na sijaona shairi lile likifunguliwa hivyo. Sikusema vizuri wala ahsante. Nilisema, "Endelea kusoma, ubeti wa pili," naye akaendelea.

Hakuwa mwanafunzi mtulivu. Alibishana nami kila alipokuja, na mara nyingi alikuja. Wala msidhani nyumbani palikuwa shwari. Kioko aliniambia siku nyingine wanagombana mpaka jirani anagonga ukuta, na wakishagombana wanapika pamoja. Picha zilishuka kutoka juu ya kabati.

Familia ilikuwa haijafanya ibada ya kumbukumbu ya Josephine. Kila ilipopangwa Mutheu aliahirisha. Hatimaye ikafanyika, katika ukumbi wa kanisa lao Northfield. Ukumbi ulijaa: wauguzi wenzake, watu wa ushirika, watoto waliovaa viatu vipya. Nilikaa nyuma na Trevor aliyevaa tai. Mama Naomi, kiongozi wa akina mama wa kanisa, aliyewaombea wengi wetu katika shida zetu, alisimama akasema Josephine aliyapokea mapenzi ya Mungu kwa utulivu, akalala kama mtoto, na sisi tusilie.

Aliyefuata alikuwa Mutheu. Ratiba ilionyesha atasoma shairi, na lilikuwa limechapishwa hapo, lenye vipepeo pembeni, kila mtu anapumzika mahali penye maua. Alilitazama. Akalikunja.

Msichana huyu alikuwa haongei Kiswahili mbele za watu. Alikielewa na kujibu kwa Kiingereza, kama vijana wengi waliokulia hapa. Siku hiyo alikisema, taratibu, akitafuta maneno.

"Mama hakulala kama mtoto. Mimi nilikuwa hapo. Mama hakutaka kufa." Akagusa kifundo cha mkono wake. "Alinishika mkono, hapa, akaniambia, Mutheu, mimi sijamaliza. Na mimi nikamwambia, tulia, Mama. Basi. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Sitaki mtu yeyote amwambie tena atulie."

Mchungaji alisogea kwenye kiti chake. Mutheu hakumtazama. Alitoa karatasi mfukoni, na nikatambua pembe zile zilizojikunja: alilichagua mwenyewe kutoka kwenye boksi langu, shairi fupi ambalo sijawahi kulifundisha kwa sababu nililiona la mzaha. Mwanamke amekufa, na bado anagombana na watu wa nyumba yake jinsi walivyopanga jiko lake. Alilisoma kwa Kiingereza, sauti haikushuka. Mahali fulani muuguzi mmoja akacheka akajiziba mdomo. Kisha mwingine.

Alipomaliza, Mama Naomi akasimama tena. Nilijiandaa. Nilisema moyoni, akimkemea huyu mtoto, mimi nitasimama pia, na kama ni kufukuzwa nifukuzwe na kanisa pia.

"Huyu mtoto amesema kweli," Mama Naomi akasema. Sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. "Nilikwenda hospitalini kumwombea sala ya kuaga. Josephine alinifukuza. Aliniambia, Naomi, kama umekuja na sala ya kuaga, toka, urudi na chapati. Sijawahi kumwambia mtu. Niliona aibu kwa ajili yake. Sikupaswa kuona aibu."

Watu walicheka na kulia kwa pamoja, na mara hiyo hakuna aliyejaribu kuwanyamazisha. Muuguzi mmoja akainuka akasema jinsi Josephine alivyogombana na daktari juu ya dawa akiwa mgonjwa yeye mwenyewe, na alikuwa sahihi. Mwingine akasema Josephine alimwazima mwavuli, kisha akamtukana alipouchelewesha. Jirani Mwingereza akaeleza vita vyao juu ya ua uliotenganisha nyumba zao. Ratiba ikapotea. Mchungaji akavua miwani yake akaifuta akaacha watu waseme.

Mama wa ushirika aliyekaa mbele yangu alinigeukia. "Mwalimu, haya ndiyo mnayosoma kule Erdington?"

"Ndiyo haya," nikamwambia.

Pilau ilipoa kwenye masufuria. Watu walisimama na sahani tupu mikononi, wakimsimulia Josephine alivyokuwa mkaidi, mchoyo wa mwavuli, mwenye kicheko kilichosikika wodi nzima, na aliyepigania kila siku aliyopewa. Kioko alikuwa ameketi katikati yao, Mutheu kando yake amemshika mkono, na kila mtu alipofika mwisho wa hadithi akanyamaza, yule mzee alimtazama akamwambia, "Endelea."